Nesi Aliyesubiri

Busunzu, 4 Juni 1996

Mwanangu Vestina,
Mmeamkaje huko Kasulu? Huku tumeamka, mbuzi tu ndiye anayekohoa. Nimesikia umejifungua mtoto wa kike hospitali. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekatika.

Ila moyo hautulii. Bazilio wa lori la maharage anasema umeshonwa na una homa. Mwanangu, homa usiiseme. Hata kama kuna harufu, jifunike vizuri wakuruhusu. Mimi nilipomzaa Pasikali nilisema naumia, nesi akanipiga kibao cha paja, akanifunua mbele ya watu waliokuja kuona wagonjwa. Toka, nije nikukande kwa maji ya moto.
Mama yako

Kasulu, 11 Juni 1996

Shikamoo mama,
Mjukuu wako ananyonya kama ndama. Mimi sasa nina nafuu.

Nilikutii, mama, homa nikaificha chini ya kitenge. Halafu akaja nesi Mwanaheri, binti wa muuza vitambaa hapa mjini. Hakunifunua. Alitundika kanga kwenye kamba kuzunguka kitanda, akapiga goti, akasema, "Dada Vestina, naomba nikuangalie mshono. Sasa, au umalize kwanza kunyonyesha?"

Nikasema nimalize. Mama, akasubiri! Alikaa anakunja pamba mpaka mtoto akasinzia. Basi nikamwambia yote, hata harufu. Kumbe kipande cha kondo la nyuma kilibaki tumboni. Daktari amekitoa. Anasema ningeendelea kunyamaza, mngenizika.
Binti yako

Busunzu, 19 Juni 1996

Mwanangu,
U mzima! Mungu wetu Imana ashukuriwe. Nami ndiye niliyekwambia unyamaze! Barua yako bado iko mapajani.

Nimewasomea wanawake kisimani. Winifrida akasema, "Homa bado imempanda kichwani huyo. Nesi asubiri? Labda alisinzia!" Tukacheka, halafu kila mtu akaangalia ndoo yake.

Hebu niambie tena. Alisubiri kweli? Na goti alilipiga, kama sisi tunavyowasalimu wakubwa?

Muulize jambo, usinitaje. Kuna mwanamke huku, kizazi chake kimeshuka tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Akibeba maji kinatoka nje, anakirudisha kwa mkono. Hajamwambia mtu, hata binti yake. Mwanamke kama huyo akija hapo, atafunuliwa mbele za watu?
Mama yako

Kasulu, 25 Juni 1996

Shikamoo mama yangu,
Mtoto mzima, nami mzima. Ndiyo, alisubiri. Na goti alilipiga.

Sikukutaja. Nilimwambia tu kuna mwanamke Busunzu. Akaniangalia, kisha akasema, "Kuna kitanda cha dirishani na cha ukutani. Mama akija, atachagua mwenyewe."

Bazilio anapita huko Alhamisi. Nimemwomba akuachie kiti cha mbele, usirushwe na mashimo.

Zile kanga za kuzungushia kitanda nimeshazifua.
Binti yako