Nne kati ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Leo Mama kapimwa udhaifu. Kumbe udhaifu una kipimo! Nilidhani mtu anaonekana tu.

Mwaka wa tatu huu figo zake hazifanyi kazi. Mama mdogo yuko tayari kumpa moja yake. Lakini daktari kasema kwanza wajue mwili wa Mama una nguvu kiasi gani. Ukiwa dhaifu mno, upasuaji unasogezwa mbele. Au haufanyiki kabisa. Hilo "kabisa" alilisema polepole, macho dirishani.

Baba yuko kazini, kwa hiyo nimekwenda mimi. Aliyempima ni dada wa mazoezi ya viungo, mcheshi, raba nyeupe. Kampa Mama chuma cha kubana kwa kiganja. "Bana mama, kama unakamua suruali ya jinzi!" Mama kabana mpaka mdomo ukapinda. Kisha katembezwa kutoka utepe mmoja sakafuni hadi mwingine, dada kashika saa. Halafu maswali. Umepungua bila kutaka? Unachoka? Siku nzima unafanya nini?

"Nashona," Mama kajibu. Ni fundi cherehani kweli – ila hajashona tangu Desemba. Nikatazama viatu vyangu.

Mwishoni dada kaniambia mimi: "Mama ana alama nne kati ya tano. Daktari atawaeleza vizuri Jumatatu ijayo." Nilitaka kuuliza. Nikaitikia kwa kichwa tu, kama kawaida yangu.

Nne kati ya tano! Asilimia themanini! Mimi mwenyewe hisabati sijawahi kuipata.

Jumanne, 5 Machi

Nimetangaza mimi. Mimi, ambaye darasani hata "nipo" nasemea puani.

Baba kapiga meza. "Themanini! Na nyie watoto mnaniletea arobaini!" Mama mdogo kwenye simu kasema, mwambie dada figo yake naitunza, hata soda nimeacha. Mama kacheka mpaka kakohoa. Sikumbuki lini alicheka hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Mama kafunua cherehani! Kapokea kazi, sare kumi na mbili za shule. Nikamwambia apumzike kidogo. "Mwenye nne apumzike, mwenye moja afanye nini?"

Mkasi umemponyoka mara mbili. Kaukanyaga kwa mguu ili nisiuone.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haraka, mwandiko mbovu leo.

Leo siku ya Mama kusafishwa damu. Nilimpelekea shuka, maana kwenye ile mashine husikia baridi. Nikawa nasubiri nje. Ukutani kuna karatasi ya Kiingereza. Nyumbani mimi ndiye ninayekisoma Kiingereza. Nikaisoma ili nisitazame watu.

Vitu vitano. Kupungua uzito. Uchovu. Mkono usiobana. Mwendo wa polepole. Kutojishughulisha. Kila kimoja *kikiwepo* – alama moja.

Sifuri: yuko imara. Moja au mbili: ameanza kudhoofika. Tatu na kuendelea: dhaifu.

Nimesoma mara tano. Sita. Nikaona labda Kiingereza changu ndicho kibovu. Si kibovu.

Alama! Shuleni ukipata nyingi unapigiwa makofi. Kumbe hizi za Mama ni kama nyufa ukutani, zikizidi ndio hatari. Na ile ya tano ameikwepa kwa kusema anashona.

Nilipoingia, Mama alikuwa anamweleza jirani yake wa kitanda, mzee mmoja wa miwani: "Mimi nina nne, bwana. Wewe je?" Mzee kasema yeye ana moja. Mama kampa pole.

Nimemfunika shuka miguuni.

Jumamosi, 9 Machi

Sijasema.

Jumapili, 10 Machi

Sijasema. Mama mdogo kaja na begi lake la hospitali, eti kabisa kabisa, ndara mpya ndani. Wamekaa kitandani na Mama wakibishana nani atakoroma zaidi wodini. Mimi nimejifungia bafuni, nimefungulia maji.

Nikisema, nitamuua kwa maneno. Nisiposema, je? Sare saba zimekwisha. Jioni Mama kashindwa kuinuka kwenye kiti cha cherehani, kajifanya anatafuta sindano chini. Wakimfanyia upasuaji hivyo? Wasipomfanyia?

Jumatatu, 11 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Nikiacha kuandika nitakimbia.

Watatu mbele yetu. Baba kaomba ruhusa kazini, kavaa shati la arusi ya binamu. Mama mdogo ananiuliza mbona nimekauka kama samaki. Mama kawaambia benchi zima kuwa ana nne.

Wawili.

Nesi katoka, kasema mgonjwa ataingia na ndugu mmoja tu. Baba kainuka. Mama kasema, "Wewe kaa. Aingie huyu, ndiye anayeelewa mambo yangu."

Huyu ni mimi.

Mmoja. Nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Mdomo haufunguki, lakini kalamu inaandika. *Mama, nne ni mbaya. Nilikosea mimi. Nisamehe.* Nimemtilia mkononi.

Anasoma.

Bado anasoma. Ni maneno machache tu.

Baba kauliza, kuna nini? Mama kaikunja ile karatasi, kidogo, kidogo zaidi, kaichomeka kifuani. "Anaomba ruhusa aende msalani. Mtoto huyu aibu itamuua."

Mama mdogo kacheka. Mama pia. Hanitazami.

Mlango umefunguka. Nesi anatuita. Baba anasema haya, nendeni, nendeni.

Nesi anaita mara ya pili. Mama kaweka viganja vyote viwili kwenye benchi. Nimeshasimama, daftari nimeliegemeza ukutani. Sijui kama hawezi kuinuka au hataki. Namnyooshea mko—