Telegramu ya Wafula

Jumapili, mwanzo wa Desemba. Gitothua.

Mvua ilianza kabla hatujatoka kanisani na bado inanyesha. Mke wangu Nyambura ameanika nguo ndani, kwenye kamba inayopita katikati ya chumba, nami nimekaa karibu na dirisha nikiandika. Sina furaha, wala siwezi kusema nina huzuni. Niko tu, kama mtu aliyeshuka kwenye gari la moshi na bado mwili unadhani linakwenda.

Naandika kwa Kiswahili, si Kikuyu, kwa sababu jambo lenyewe ni la kazini, na kazini tunasema Kiswahili.

Mimi ni karani wa shamba la kahawa, upande wa kwenda Thika. Huu ni mwaka wa saba. Asubuhi naita majina, mchana naandika madebe ya wachumaji, na siku ya posta naenda Ruiru kwa baiskeli kuchukua mfuko wa barua. Wasiojua kusoma nawasomea barua zao na kuwaandikia majibu. Wote wananiita Karani. Wengine hawajui kama nina jina lingine.

Kengele ya asubuhi ikilia mimi huwa nimeshafika. Ya jioni ikilia mimi hubaki, nipange vitabu ambavyo vimeshapangwa. Hakuna aliyeniamuru. Nilipenda tu Bwana, Mzungu mwenye shamba, akipita anikute. Jumapili nyingi zimepita hivyo, na hapa nyumbani ni mwendo wa chini ya saa mbili kwa baiskeli.

Wafula ni mtu wa Bungoma. Ndiye anayeendesha mashine ya kumenya kahawa kiwandani. Kahawa iliyochumwa mbivu lazima imenywe siku hiyo hiyo, maana ikilala inachacha, na mashine yetu ni kuukuu, haimsikii mtu mwingine. Wafula huilazia kiganja ubavuni, akae kimya kidogo, halafu ajue ni mkanda gani umelegea. Yeye na mimi tulikuwa tukila pamoja siku za Jumapili ambazo sikuja nyumbani. Alikuwa akipika yeye. Alisema Wakikuyu hawajui kusonga ugali, na nadhani alisema kweli.

Jumanne moja ya Novemba, wachumaji wakiwa wengi kuliko mwaka wote, nilikuta kwenye mfuko wa posta telegramu yake. Niliisoma palepale nje ya posta, maana hata hivyo ningemsomea mimi.

MAMA MGONJWA SANA ANAKUITA NJOO UPESI.

Ilikuwa bado mchana. Kama ningeenda moja kwa moja kiwandani, Wafula angepanda gari la jioni. Yeye si kama sisi. Siku hizi za Hali ya Hatari mtu wa kwetu, Mkikuyu, hatembei bila barua ya mwajiri, lakini mtu wa Bungoma anayekwenda kwao hakuna anayemsimamisha njiani.

Sikwenda kiwandani. Nilikwenda kwa Bwana.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia ndio utaratibu, mwenye shamba ajue kwanza. Huo si ukweli. Hakuna telegramu nyingine niliyowahi kumpelekea. Nilitaka aone kwamba kati ya mtu na kahawa yake, mimi nilifikiria kahawa.

Bwana aliinuka kitini, akaisoma, akanirudishia. Akaniuliza uchumaji wa sehemu ya mtoni utakwisha lini. Nikamwambia Ijumaa. Akatazama upande wa kiwanda, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Wewe najua kazi yako, Karani."

Basi. Hakusema zuia, hakusema toa. Mimi ndiye niliyefungua droo ya meza yangu, nikaiweka telegramu ndani.

Jumatano Wafula alinisalimia kama kawaida. Nilimwitikia kama kawaida. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, alikuja ofisini akiwa bado ananuka maganda ya kahawa. Akaniomba nimwandikie mama yake barua. Alitaka kumwambia kwamba Krismasi hii atafika bila kukosa, na kwamba blanketi alilomwahidi ameshalinunua Thika, ni zito, lina mistari myekundu. Alisema polepole ili niandike vizuri. Alipofika mwisho akafikiri, akasema, "Ongeza hapo, mwambie asilale chini tena, kifua chake kitamsumbua."

Niliongeza. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu anasema hivyo. Telegramu ilikuwa kwenye droo chini ya mkono wangu, unene wa ubao mmoja tu. Barua ikaenda na posta ya siku hiyo.

Nimeandika sentensi hizo na nimezisoma tena. Hazinifanyi nilie. Labda ndilo jambo baya zaidi.

Ijumaa jioni kahawa ya mtoni iliisha. Nilimfuata Wafula kwenye mfereji anakooga, nikamsomea telegramu. Alivaa shati bila kujifuta. Aliuliza, "Imekuja?" Nikasema, "Imekuja." Hakuuliza siku, nami sikutaja. Nilimpakia kwenye baiskeli hadi stesheni ya Ruiru, nikiendesha kwa nguvu kana kwamba sasa nina haraka. Blanketi alilikumbatia njia nzima. Aliponishukuru nilimwambia si kitu.

Bwana hakuniambia neno kuhusu jambo hilo, si wiki ile wala baadaye.

Wafula alirudi Alhamisi iliyopita. Alikuja ofisini kabla ya kwenda kiwandani, akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa amekonda. Alisema mama alifariki Alhamisi usiku, wakamzika Jumamosi, naye akafika Jumapili wakati watu wanaondoka.

Kisha akasema, "Ndugu yangu anasema alituma ile telegramu Jumanne asubuhi. Posta ya Ruiru inaweza kuchelewa hivyo?"

Aliniuliza bila hila. Alikuwa ameshanifungulia mlango, ilibaki mimi kupita tu. Ningesema ndiyo, posta yetu haina maana, naye angekubali, tungekula ugali Jumapili. Hata mdomo niliufungua.

Nikasema, "Haikuchelewa. Ilifika Jumanne. Niliiweka kwenye droo."

Nje nyapara alikuwa akigawa madebe na wanawake wakicheka.

"Bwana alikwambia uiweke?"

Huo nao ulikuwa mlango mwingine. Kila mtu angeniamini.

"Hapana. Aliniambia najua kazi yangu."

Wafula akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mashine ikigoma na bado hajajua ni wapi. Halafu akasema, "Na ile barua. Alhamisi. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Barua ilifika tukiwa bado kwenye matanga. Ndugu yangu akaisoma mbele ya watu wote. Blanketi, na kifua, na asilale chini." Akaendelea, "Wazee walidhani nina wazimu. Mimi niliwaambia, hapana, karani wetu aliandika kabla telegramu haijafika. Nilikutetea, Karani."

Alisimama. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Aliniambia atafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi huu ili yule kijana wa Murang'a ajifunze mashine, kwa sababu kahawa haina kosa. Baada ya hapo atarudi kwao kulima. "Usiniandikie barua tena," akasema. "Nikitaka kuandika nitatafuta mtu mwingine."

Kisha akaenda kiwandani, na baada ya muda mfupi nikasikia mashine imewaka.

Ningependa kusema nilifanya vile kwa woga. Kuna woga, sikatai. Barua ya Bwana ndiyo inayonipitisha njiani nikija nyumbani, na nimeona wenzangu waliokosa barua kama hiyo. Lakini siku ile hakunitisha. Bila mimi asingejua hata kama telegramu ipo. Alikuwa ameketi barazani akinywa chai, nami nikampelekea mama wa mtu kwenye mkono wangu, kama zawadi.

Jana jioni nilimweleza Nyambura. Alikuwa akimsuka Wairimu, binti yetu mkubwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka. Nilitegemea aniambie ni mkono wa Mungu, mama yule angekufa tu. Wanawake wa kanisani wanajua kusema hivyo.

Akauliza, "Baba Wairimu, kama ingekuwa habari yangu, ungeweka kwenye droo?"

Nikasema haiwezekani.

"Mwezi wa saba," akasema.

Mwezi wa saba Wairimu alishikwa na surua. Nyambura alimtuma jirani yetu mpaka shambani kuniita. Nilimpa dawa aliyoniuzia Mhindi wa dukani, nikamwambia nitakuja nikimaliza kitabu cha mwezi. Nilikuja siku ya tatu. Mtoto alikuwa ameanza kupona, ameketi mlangoni na uji, na mimi nikaona kwamba nilifanya vizuri kutoharakisha.

Nyambura aliendelea kusuka. Alifunga uzi kwenye ncha ya msuko, akamwambia Wairimu ageuke upande wa pili.

Kuna jambo moja zaidi la jana, na ndilo ninalolifikiria leo zaidi ya mengine. Saa za kufunga kazi Bwana alikuja ofisini akaniambia niwepo Jumapili, tuhesabu magunia kabla ya lori la Jumatatu. Kila mwaka tunahesabu Jumapili. Mimi ndiye niliyeanzisha.

Nikamwambia, "Jumapili niko kwangu, Bwana."

Nilijiandaa. Nilifikiria barua ya njiani, nyumba ninayolala kule shambani, maneno nitakayomwambia Nyambura nikirudi na sanduku.

Bwana alikuna shingo. Akasema, "Haya. Hesabu Jumatatu, mapema," akaenda kumtafuta mbwa wake.

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka saba nilikuwa nikimpa kitu ambacho angeweza kukikosa na kwenda kumtafuta mbwa. Kama angenifokea, nadhani ningelala vizuri. Ningejua kwamba nilikuwa nalipa kitu kilichodaiwa. Sasa najua kwamba sehemu kubwa haikuombwa na mtu. Niliichukua hapa, kwenye chumba hiki, na siku tatu nyingine nikazichukua kwa Wafula, ambazo hazikuwa zangu kabisa.

Sitaacha kazi. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliwaza makubwa. Watoto wanasoma, na karani bila shamba lake mwenyewe aende wapi. Nitaandika madebe ya watu sawasawa, maana hayo ni haki yao. Kengele ya jioni ikilia nitafunga kitabu. Nahisi nitakuwa kama mtu asiyejua mikono aiweke wapi.

Lililobaki ni Wafula. Mwisho wa mwezi ataondoka na sanduku lake, na siku yenyewe itakuwa siku ya kazi. Nataka kumbebea sanduku hadi stesheni. Sitamwomba anisamehe, ameshasema yake. Akinikataza kugusa sanduku nitatembea nyuma yake, na akikataa hilo pia nitarudi.

Kwa hiyo nitahitaji ruhusa ya nusu siku. Kwa miaka saba nimewaandikia watu maombi ya ruhusa, ya ndoa, ya msiba, ya kesi, ya meno, na najua maneno yote. Tangu mchana nina karatasi hapa pembeni ili niandike yangu, na sijui mtu huanzaje.