Helikopta Niliyomchagulia Tamsin

Ranchi ya Dingo Bore,
Kusini mwa mji wa Katherine,
9 Agosti.

Mpendwa wifi Noelene,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Hujambo na baridi ya Hobart? Goti limepata nafuu? Sisi hatujambo. Ng'ombe wamenenepa, maji yapo, nami nakula na kulala. Watu wakiniuliza naendeleaje tangu kaka yako Doug aanguke na helikopta, hilo ndilo jibu ninalowapa, na si uongo. Sisikii kitu, wifi. Nimekufa ganzi.

Sasa la Tamsin. Ameshikilia kuwa rubani wa kuswaga ng'ombe kwa helikopta kama baba yake. Juzi akanifuata jikoni, akasema, "Mama, shule ya urubani na helikopta ya kujifunzia, zote chagua wewe. Ukikataa, naacha." Mtoto wa nyoka ni nyoka, kaka yako naye alikuwa na ujanja huohuo.

Tulianzia chuo kimoja cha Darwin. Helikopta yao ina viti vinne, vioo vinang'aa, na chai unaletewa na biskuti. Niliipenda. Ila mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kwenye ranchi Tamsin atakabidhiwa ile ndogo ya viti viwili, kama ya Doug, na hapo atakuwa peke yake.

Basi tukaja kwa Kerrod, yule aliyeruka na Doug miaka mingi. Yake ni ileile ndogo, milango imeng'olewa. Nikamwambia anipandishe mimi kwanza. Tulipofika juu akasema, "Glenys, nitamfundisha hili mpaka alichukie," akapunguza injini ikawa kama haipo. Tukashuka kwa mzunguko wa pangaboi tu, tukatua kwenye nyasi. Doug hakupata nafasi hiyo. Alikuwa chini mno, anamfuata fahali kwenye miti. Kerrod hakunificha hilo.

Sikupiga kelele. Nilimwambia Tamsin: hii hii. Nimemchagulia mwanangu helikopta ya aina iliyomuua baba yake, wifi, kwa hiyo ukitaka kugomba, gomba na mimi.

Nilipotaka kushuka nilidhani mkanda wa kiti umekwama. Kumbe nilikuwa nimeung'ang'ania kwa mikono yote miwili. Tamsin alinibandua kidole kimoja kimoja.

Nisalimie shemeji Bert na mapacha wako wote wawili. Mungu awatunze walio chini, na aliye juu asimwondolee macho.

Anaanza Jumatatu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama zamani,
Glenys