Kopo la Maua la Absalom

Bi Ardith, nakusoma gazetini kila Alhamisi na leo zamu yangu imefika, naomba unishike mkono kabla sijavuruga ukoo mzima.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, wa huku magharibi mwa Nebraska, na tangu nistaafu ualimu ugonjwa wangu ni mmoja, kufukua habari za Absalom Pruett, babu wa babu yangu, aliyekuja na gari la kukokotwa na ng'ombe, akajenga nyumba ya udongo, akaganda akafa kwenye dhoruba ya theluji Januari 1879 akitafuta ndama, na hivyo ndivyo Shangazi Verla, dada yake baba, anavyosimulia kila Agosti tukikutana watu themanini, na watoto wanalia. Basi nikaandika serikalini kuomba faili la shamba, maana enzi hizo ukitaka hati ya ardhi ya serikali ilibidi ukae miaka mitano, ulime, kisha majirani wawili waape kwamba ulikaa kweli, na faili likaja, na mwombaji si Absalom, ni mkewe Keziah, na jirani ameapa kwamba mume "aliondoka Mei 1879 akiwa mzima, na farasi wote wawili, hajaonekana tena." Mei, na kaburi lake linasema Januari.

Nikamwonyesha binamu yangu Dwight, akacheka. "Umekosa kazi wewe. Waache wafu walale." Nikamwambia huyu wetu hata hakulala, alipanda farasi akaenda zake.

Sasa Shangazi ana miaka tisini na moja, sauti imemwisha, mwaka huu amenichagua mimi nisimulie, naye atakaa kiti cha mbele. Nampenda mno. Hadithi hii aliipata kwa bibi yake aliyemlea, Lottie, binti wa Keziah, aliyekuwa na miaka mitano baba alipotoweka. Tangu utoto wangu mimi na Shangazi tunakwenda makaburini kila mwisho wa Mei na maua kwenye makopo ya kahawa, kaburi la Keziah na la Absalom yamepakana, yeye humpigia Keziah magoti, kisha hunipa kopo la pili, "La Absalom weka wewe, magoti yangu mabovu." Nikisema kweli naogopa nitamuua, nikisema uongo nitawaonea haya watoto, na huku kila siku najiuliza yule mtu alikwenda wapi. Nifanye nini?

Mfukuaji

Mfukuaji, pole, na hongera pia, faili kama hilo si kila mtu hulipata. Ila mwalimu mzima umesoma makaratasi ya serikali mstari kwa mstari, na barua yako mwenyewe hukuisoma.

Hayo magoti yanayopigwa kwa Keziah yakakataa kusogea hatua moja pembeni, ni magoti gani? Nawe umebeba kopo hilo miaka hamsini bila kuuliza. Mtoto wa miaka mitano hukumbuka baba yake akiondoka na farasi. Sikuapii kwamba Lottie alimwambia Shangazi yako ukweli, lakini mimi ningeuliza.

Acha kumlinda mtu ambaye hajaomba kulindwa. Nenda Jumamosi hii, usingoje Agosti, na Dwight abaki kwake. Peleka pai, hotuba iache nyumbani. Mpe karatasi ya jirani aisome mwenyewe, kisha unyamaze, najua itakuwa taabu kwako. Akimaliza, muulize kwa nini hajawahi kumwekea Absalom ua. Andika atakachosema, neno kwa neno, na tarehe.

Asipotaka kusema, usimbane. Agosti simulia habari za Keziah, aliyebaki na mtoto bila farasi, akalima mpaka majirani wakamwapia. Hapo hakuna uongo, na watoto watalia vilevile.

Alikokwenda Absalom utaendelea kutafuta hata mwakani, makaratasi yatakungoja. Shangazi ana miaka tisini na moja. Na kati ya watu themanini, kazi ya kusimulia amempa yule anayejulikana na wote kwa kufukua. Sidhani kama amekosea. Nenda.