Kubofya Nyumba ya Mama

Jumapili, 6 Oktoba 2002

Misa ya kwanza. Mji umejaa moshi wa mashamba yanayochomwa, na jua limetoka jekundu, halina makali, unaweza kulitazama usoni. Nje ya kanisa nikamkuta Shaban, mfanyabiashara wa tumbaku, ananisubiri na kofia yake ya kufuma. Amekodi shamba lote la Ipuguli. Ipuguli yetu! Tangu watu walipopakiwa kwenye malori mwaka 1974 kwenda kuanza kijiji kipya kando ya barabara, pale hapakai mtu.

Amesikia kwamba Mama amezikwa humo. Atatuachia sehemu moja, ukubwa wa mkeka, trekta lisipite. Lakini iwe moja, na tumwonyeshe kabla hajalima.

"Siwezi kuacha shamba zima kwa kukisia, mzee wangu. Na mimi nina mama kaburini, najua."

Ana haki. Tabu ni hii: Mama alizikwa nyuma ya nyumba yake, hilo halina ubishi. Ila nyumba yenyewe ilikuwa wapi? Mimi nasema mashariki ya kaya. Mdogo wangu Imakulata anasema si pale. Watu wa Ipuguli tuliobaki ni wachache, na kila mmoja ana Ipuguli yake.

Jumanne, 8 Oktoba

Karatasi imeshindwa. Nilichora ramani za watu maisha yangu yote ya kazi, najua karatasi inapochoka. Hii nimeifuta mpaka imetoboka — mahali pa kisima!

Nimeamua. Tangu Januari nasoma kompyuta kwa mwalimu Elieza, nyuma ya stesheni. Wenzangu darasani wanajifunza kuandika barua. Mimi nimeng'ang'ania kuandika programu, na Elieza amenivumilia. Nitaichora Ipuguli humo. Kila nyumba iwe na umbo lake. Ukiibofya kwa kipanya, iseme kila alichokumbuka kila mtu juu yake.

Na herufi ziwe kubwa kama mikate, kwa ajili ya Imakulata. Presha ya macho. Anasema anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi, na mwanzi unazidi kuwa mwembamba. Daktari hakumficha. Anataka kuliona kaburi, si kuelezwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimechora! Ua wa minyaa kwa kijani, nyumba kwa kahawia, njia ya misafara ikipita juu, nyeupe, kuelekea Kwihara. Kijiji kimekaa kwenye kioo kama kilichotoka kuoga. Nikakitazama muda mrefu kabla ya kugusa.

Nikabofya nyumba ya Mama. Kimya. Nikabofya kisima. Kimya.

Elieza akaja na chai yake. Akasema hiyo ni rangi tu, mzee, kompyuta imepaka ikasahau. Mbofyo unaangukia dirisha zima, na dirisha linajua kitu kimoja: umegusa umbali gani kutoka kushoto, umbali gani kutoka juu. Halijui nyumba. Nyumba uzitunze wewe, kwenye orodha, na kila mtu akibofya uzipitie moja moja: je, nukta hii imo ndani yako?

Nimependa jambo hili kupita kiasi. Kuuliza mlango mmoja mmoja, kama msafiri aliyefika jioni.

Jumatano, 16 Oktoba

Umeme hakuna tangu asubuhi. Nimelala mchana, kwenye kiti. Nimeota natembea Ipuguli ya kwenye kioo — nyumba hazina milango, rangi tupu, na mtu ananiita kutoka ndani ya mojawapo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaka nilete kuni.

Nilipoamka nikamkumbuka Mama usiku ule wa uhuru. Mjini walifyatua fataki. Sisi tulisikia mngurumo mdogo tu, upande wa reli. Mama akatoka uani, akanyoosha kiganja, akauliza kama ni mvua.

Alitokea upande upi? Jua lilikuwa limeshazama, sina kivuli cha kunisaidia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nyumba zimeanza kusema, lakini sauti ni moja! Nabofya ya Mama: "Kaya ya Babu Ambrosi." Nabofya ya shangazi: "Kaya ya Babu Ambrosi." Ghala, jiko, banda la mbuzi — Babu Ambrosi! Mpaka mbuzi wamekuwa babu yangu.

Elieza alivuta kiti. Akaniuliza orodha inaanza na nani. Na Babu, nikasema, kaya ni yake. Nimemchora kwanza, duara kubwa la minyaa, halafu wanawe humo ndani. Na kuuliza unaanza na nani? Na Babu. Mimi nianze na nani tena?

Alicheka mpaka akashika meza. Huyu ni Mmoraviani wa kwaya, ana besi nene, hata kicheko chake kinatikisa kikombe.

"Mzee Kasimiri, umeifundisha kompyuta adabu! Inamwamkia mkubwa kwanza."

"Sasa nimpite babu yangu bila kumwamkia?"

"Humu ndani mpite tu. Duara lake limezunguka wote, kwa hiyo kila nukta imo ndani yake. Ukimuuliza yeye kwanza ataitikia kila siku, na mama yako hataulizwa milele. Anza na aliyechorwa mwisho, aliye juu. Ukimkosa ndiyo ushuke. Babu awe wa mwisho."

Nimegeuza. Mstari mmoja tu. Nikabofya nyumba ya Mama, na maneno yakaja: *alipika mlenda mlaini kuliko wote, alikataa kuimba mbele za watu, paa liliezuliwa siku ya malori.*

Nimekaa. Elieza akaenda kuzima taa za chumba kile kingine.

Alhamisi, 24 Oktoba

Imakulata amekuja kutoka Ntalikwa, ameshikwa mkono na mjukuu wake mpaka mlangoni, halafu akamfukuza. "Shikamoo, Kaka." Marahaba. Akauliza hicho kipanya kinang'ata?

Nikauweka mkono wake juu ya kipanya. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Alibofya kisima, akacheka aliposoma kwamba mimi ndiye niliyetumbukiza ndoo. Alibofya nyumba ya shangazi. Kisha nyumba ya Mama. Alisoma polepole, akisogeza uso badala ya macho.

Akasema maneno ni ya kweli, ila nyumba umeiweka si pake.

Nikamweleza: mashariki. Kivuli cha nyumba asubuhi kiliangukia nyuma ya ghala, nilikaa humo nikisoma.

"Jua la jioni liliingia mlangoni bila ghala kulizuia, likafika kwenye mafiga, Kaka. Nilikuwa nachuchumaa kuchochea moto, linanichoma macho. Kila siku."

"Mimi nakumbuka vizuri."

"Unakumbuka. Lakini ile nyumba wewe uliijua kwa likizo."

Ni kweli nilikuwa Mwanza, shuleni na baadaye kazini. Hata kwenye msiba wa Mama treni ilinifikisha watu wameshatawanyika. Niliona fungu la udongo kwa machozi, giza likiingia. Yeye alikaa mpaka siku ya malori.

Akakisogeza kipanya mwenyewe, kikateleza, akakirudisha. Akabofya magharibi, kati ya ghala na minyaa, ambapo sikuchora kitu. "Kaya ya Babu Ambrosi." Akabofya tena, pembeni kidogo. Babu. Akaendelea kubofya palepale, bila hasira, kama mtu anayegonga mlango anaojua una watu ndani.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimejaribu kuihamishia nyumba magharibi. Inakubali. Kompyuta haibishi! Ikiwa mashariki, nasikia baridi ya ukuta mgongoni, kitabu mapajani. Ikiwa magharibi, naona mtoto wa kike amekunja macho kwa jua. Nimeihamisha na kuirudisha mpaka Elieza akafunga.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Mawingu upande wa Isikizya. Shaban ametuma ujumbe: mvua imekaribia, trekta ni kesho.

Nyumba nimeiacha mashariki. Nimechonga kigingi cha mninga.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Naandika gotini, nimekaa kwenye kichuguu, Ipuguli.

Hakuna kitu. Nilidhani nitapajua! Minyaa imebaki michache, imekuwa miti mirefu, hailingani tena na duara lolote. Kisima kimejaa udongo. Ukungu wa asubuhi haujaondoka wote, na mtu akisimama mbali kidogo anakuwa rangi tu, hana uso.

Shaban alikuja moja kwa moja kwangu, kama ilivyo heshima. "Haya, Mzee Kasimiri. Mkubwa ni wewe. Kigingi kiende wapi?"

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kuelekea mashariki. Nikaushusha. Nikamwambia amuulize Imakulata.

Akadhani hakusikia vizuri. "Bibi? Naye macho yake yale?"

"Muulize yeye kwanza."

Imakulata hakusubiri swali. Amevua viatu. Amekwenda magharibi peke yake, mikono mbele kidogo, akipiga magoti, akigusa udongo kwa kiganja, akiinuka, akisogea, akipiga magoti tena. Hajasema neno. Dereva aliwasha trekta. Shaban amemwambia azime. Sasa pamekuwa kimya sana, na matone ya kwanza yameanza kuangukia karatasi hii, wino unatanda.

Ameketi. Amekaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, uso ameuelekeza kule jua linakozamia. Na sasa ameinua mkono — ananiita nilete kigingi, au ananizuia nisikaribie, kwa hapa nilipo siwezi kujua. Nafunga daftari, nachukua kigingi.