Kibuyu cha Siku Tisa

Kambi ya Juu, Kericho
Jumapili, 9 Juni 1935

Kwako Mama Okeyo, dada yangu Beldina,

Nakusalimu, na nakusalimu tena mara ya pili, kwa sababu ile ya kwanza herufi zimelala ubavu. U mzima? Ule mguu uliokuwa ukivimba jioni umepoa, au bado unaukanda kwa maji ya moto? Na yule kuku wangu mwekundu uliyeondoka naye, anataga huko ziwani au amekataa kwa joto? Sisi hapa tunaishi. Mvua imenyesha mpaka njia ya kiwandani imekuwa tope la kuvuta mguu. Bosire ametoa jino la pili, na cha kwanza alichouma ni ziwa langu. Baba yake, Ongeri, anakohoa kidogo, ni moshi wa kuni tu.

Najua Ayoo ndiye anayekusomea. Ayoo mwanangu, soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke. Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, kwa mwalimu wa kanisa, na Kiswahili hiki ndicho kilichotuwezesha mimi na mama yako kucheka pamoja, yeye Mjaluo na mimi Mkisii, tumeishi ukuta mmoja miaka sita. Kwa hiyo yote niliyoandika nimeyaandika kwa jasho. Msomee yote.

Mama Okeyo, kaa chini kwanza. Okeyo yu hai. Narudia, yu hai, anapumua, jana amekunywa uji. Lakini alianguka kiwandani siku ya Jumatano, na mimi tangu siku hiyo moyo wangu haujarudi mahali pake. Ojwang anayekuletea barua hii nimemwapisha asifungue mdomo mpaka Ayoo amalize kusoma. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu.

Mambo yalianza hivi. Baada ya mvua kubwa watu wengi wa kambi walilalamika tumbo. Unajua posho yetu, unga wa mahindi asubuhi, unga wa mahindi jioni, mpaka tumbo linakaa kama gunia. Wanawake walikuwa wanachuma majani ya chai huku wamejishika kiuno. Ndipo akaja mzee mmoja wa kwetu Kisii anaitwa Omwenga, ametokea sokoni Chepilat, na mfuko wa magome na majani makavu. Akakaa nyuma ya nyumba ya mwisho, akawasha moto, akasema yeye husafisha tumbo na damu. Masharti yake yalikuwa siku tisa. Kila asubuhi kibuyu kimoja cha dawa, kichungu. Mchana uji mwepesi wa wimbi, bakuli moja tu. Hakuna chumvi, hakuna ugali, hakuna maziwa, hakuna nyama wala omena. Alisema uchafu wa miaka utatoka na mtu atabaki mwepesi kama msichana.

Syprose, unamjua mdomo wake, akasema yeye akiwa mwepesi kama msichana mume wake ataomba kulipa mahari upya, na baba yake bado ana njaa ya ng'ombe. Tulicheka mpaka vikapu vikaanguka. Lakini kicheko kilipoisha tulibaki na woga. Mzee ni mgeni. Hata mimi wa kabila lake sikumjua baba yake wala kijiji chake. Na wewe unajua desturi, kwenu na kwetu ni moja: anayekupa kitu cha kunywa aonje kwanza. Omwenga alionja, kweli, mbele yetu, akapangusa ndevu. Syprose akasema kuonja kwa mwenye dawa si kuonja, ni kama mwizi kuapa. Akasema mtu wetu mmoja anywe siku zote tisa, na tukimwona mzima, na wengine tunywe.

Wakanitazama mimi. Dada, walinitazama mimi kwa sababu ulizoea kuwaambia kwamba Mama Bosire hawezi kudanganya hata mbuzi. Ulilisema ukiwa unaondoka, mbele ya wote, ulipomshika Okeyo mkono ukauweka ndani ya mkono wangu. Ukasema mtoto huyu amebaki na mama. Basi wakasema huyo ndiye atakayeonja.

Mimi niliogopa. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Na shangazi yangu, nilikuwa bado mdogo, alikufa kwa dawa ya tumbo, nilimwona amejikunja kama jani kwenye moto. Usiku nilimwambia Ongeri, akasema kama unaogopa kataa, mdomo ni wako. Maneno rahisi kwa mwanaume. Asubuhi wanawake kumi na wanne walikuwa wamesimama wakiningoja, na mimi nikaenda.

Siku tisa nilikwenda kwenye moto wa Omwenga. Kufikia siku ya tano wanawake walianza kunishika mashavu. Wakasema ona ngozi, ona macho, huyu ameanza kurudi nyuma kwa miaka. Siku ya tisa nilichuma kikapu na nusu, na nyapara mwenyewe akauliza nimekula nini. Syprose akapiga vigelegele. Kesho yake foleni ilikuwa ndefu mpaka kwenye bomba la maji, lakini Omwenga akasema Jumatatu ataanza na watu wanne tu.

Okeyo alikuja kwangu jioni ile. Alikuja na ile haya yake, anasimama mlangoni na kujikuna shingo mpaka aambiwe aketi. Akasema mwezi wa nane wazee wa kwa mchumba wake wanakuja, na wenzake kiwandani wanamtania ati bwana harusi haingii kwa wakwe na tumbo la posho. Akasema anataka kunywa dawa, lakini ameona aniulize mimi kwanza, kwa sababu wewe mama yake uko mbali. Aliniuliza wazi: Mama, wewe umeinywa, inamfanya nini mtu?

Nilimjibu ni chungu lakini inapita.

Alikunywa Jumatatu. Alikunywa Jumanne, na siku hiyo nilimwona amekwenda chooni mara nyingi, amekuwa mweupe mdomoni. Nikamwambia apumzike. Akacheka, akasema kama mama mwenye mtoto mgongoni ameweza siku tisa, yeye mwanaume atashindwa siku ya pili? Jumatano alikunywa tena akaenda kazini, kwenye kile chumba cha kukaushia majani, unakijua, joto lake hata mtu aliyeshiba linamtikisa. Hakumaliza hata saa mbili. Walisikia koleo likianguka, halafu yeye.

Walimpitisha mbele yetu tukiwa shambani, amebebwa juu ya gunia na watu wanne. Mama Okeyo, sikumjua. Nilisimama na majani mkononi nikajiuliza ni mtoto wa nani huyu. Macho yameingia ndani, miguu imejikunja, ulimi umekauka kama ngozi. Ni Syprose aliyepiga kelele jina lake, na mimi ndipo nikatupa kikapu nikakimbia. Wale wanawake watatu walioanza pamoja naye walikuwa wamelala ndani hawawezi kusimama, lakini wao hawakuingia kwenye ule moto, na sasa wameamka.

Dresa, yule mhudumu wa wagonjwa wa hospitali ya kambi, alisema maji yote yamemtoka mwilini. Alikaa naye, anampa maji yenye chumvi kwa kijiko, kidogo kidogo, usiku huo wote na mchana uliofuata. Nilikaa mlangoni. Sikuwa na ombi lolote, nilikuwa nasema tu jina lako. Alhamisi jioni Okeyo alifungua macho akaomba maji mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa nyapara alitukusanya. Omwenga ameketi chini, mikono imefungwa kwa kamba ya mkonge, mzee wa rika la baba mkwe wangu. Nyapara akauliza nani aliruhusu dawa hii kambini. Watu wote wakaninyooshea kidole mimi, lakini si kwa ubaya, kwa kunitetea! Wakasema Mama Bosire alikunywa siku tisa hakuumwa hata kichwa, kwa hiyo huyu mzee amebadilisha dawa, amewatilia watu sumu. Hapo Omwenga akainua kichwa. Akasema ndiyo, aliibadilisha. Akasema katika maisha yake hajaona mtu anayemeza kibuyu chake siku tisa na tumbo lisitikisike hata mara moja. Alifikiri magome yamelala, yamepoteza nguvu kwa unyevu wa mvua hii. Kwa hiyo kwa wale waliofuata alitia magome mara mbili.

Mtu akanishika bega, akidhani namhurumia mzee. Nikamwacha adhani hivyo. Wakamfunga Omwenga ndani ya stoo ya magunia, anasubiri Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa wilaya, aje Jumatano, na watu wanasema atapelekwa jela.

Jana nilimpelekea Okeyo uji wa wimbi. Nikainua bakuli nionje kwanza, kama desturi. Akanyoosha mkono, mkono mwembamba, akashika bakuli. Akasema, Mama, wewe umeshaonja vya kutosha kwa ajili yetu, leta tu. Akanywa mpaka chini, ananitazama kwa macho ya shukrani.

Ayoo, hapa ndipo pagumu. Soma.

Beldina, mimi sikuonja. Hata tone moja halikushuka kooni mwangu, siku zote tisa.

Wewe umekaa na sisi, unajua mwanamke wa Kisii hawezi kunywa kitu akimtazama mzee aliye sawa na baba mkwe wake. Anageuka, anampa mgongo, ndiyo heshima. Kila asubuhi nilipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikageuka, na hakuna mtu aliyethubutu kuzunguka mbele yangu kunitazama, kwa sababu hiyo ingekuwa aibu kwao. Chini ya miguu yangu nilikuwa nimeweka kikapu changu cha kuchumia, ndani yake blanketi kuukuu la Bosire. Nilijaza mdomo, nikainama kama anayeumwa na uchungu, nikaachia yote ndani ya blanketi. Kibuyu kikaisha. Nikageuka nikijipangusa, wakanipongeza. Kile nilichopewa na mama yangu kiwe heshima, nilikifanya pazia.

Na yale mashavu waliyoyashika, unajua yalitoka wapi? Ni omena zako. Lile furushi ulilonitumia kwa Phelix wakati wa Pasaka. Nilizila zote siku hizo tisa na ugali mkubwa, mlango umefungwa, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa na mbele za watu ilikuwa lazima ninywe uji mwepesi. Nilinenepa kwa samaki wako, dada, na unene huo ndio uliompeleka mwanao kwenye kibuyu.

Siku ya kwanza ningeweza kusema naogopa. Wangenicheka siku mbili, Syprose angepata mzaha wa mwaka mzima, basi. Na hata baadaye, Okeyo aliposimama mlangoni akijikuna shingo, bado nafasi ilikuwepo. Aliniuliza mimi peke yangu, Bosire tu alikuwa anasikia. Nilifungua mdomo kumwambia, nikaona ile aibu, nikasema ni chungu lakini inapita. Nilijuaje ni chungu? Kwa ulimi, si kwa koo. Mzee yule angekuwa ameniona nikitema, au ningekuwa nimemeza nikaenda chooni kama watu, asingeongeza magome. Dawa yenyewe sijui ubaya wake wala uzuri wake, hata leo. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyeitia nguvu.

Nimeanza na wewe kwa sababu mtoto ni wako. Kesho, Ojwang akishashika njia, nitaenda kwa dresa, halafu kwa nyapara, nimwambie amfungulie mzee Omwenga kamba. Halafu nitaketi kitandani kwa Okeyo nimwambie yeye mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo linaloniua. Ongeri nimemwambia leo baada ya kanisa. Alichukua lile blanketi akalifua.

Dresa anasema Okeyo atasimama baada ya wiki mbili. Njoo, tafadhali. Huenda ukanikuta nimefukuzwa kambini, lakini kama nipo, nitakupikia mimi. Nitakaa mbele yako, sitageuka. Nitaonja nikikuangalia usoni, nimeze, unione koo likishuka, ndipo nikupe. Ukikataa kupokea, nitakula peke yangu na sitauliza kwa nini.

Nisalimie wazee wa boma, nisalimie Ayoo ambaye nimemtwika mzigo huu, mwambie anisamehe sauti yake niliyoitumia. Bosire anakusalimu kwa jino lake. Mguu wako uukande, usiuache kwa sababu ya hasira juu yangu.

Ni mimi uliyeniachia mkono wa mtoto,

Mellen Nyambeki, Mama Bosire