Mota Niliyoivalisha Blanketi

Kongo, Kawangware,
Nairobi.
14 Septemba 2024.

Mpendwa dada Kamene,

Pokea salamu zetu nyingi. Habari za huko Uarabuni? Mgongo unaendeleaje, na lile joto je? Sisi huku ni wazima, ila uchovu ndio umetuzidi. Mimi hasa. Jioni nikikaa kuvua viatu nasinzia na kimoja mkononi. Mama yuko salama huko Kitui, goti tu ndilo linamsumbua.

Barua hii unaletewa na Lavender, binti wa kanisani kwetu, anayerudi kazini huko Jumanne. Nimeona afadhali niandike, maana simu unapewa Ijumaa moja kwa mwezi na bosi wako amesimama hapo hapo. Mambo mengine hayasemeki hivyo.

Ijumaa ile ya simu uliniuliza swali moja tu: mota iko sawa? Ukasema kama iko sawa, mkataba ukiisha mwezi ujao unarudi tufanye kazi ya shanga za mifupa pamoja pale Kambi Muru, Kibera. Kama imekufa, unasaini miaka miwili mingine. Nikakujibu iko sawa, tena haraka haraka. Dada, nilikudanganya. Saa hiyo mota ilikuwa vipande vipande juu ya meza ya fundi. Nimekaa na huo uongo wiki mbili.

Wacha nikueleze. Unamkumbuka Aoko, yule jirani ambaye chumba chake na karakana yetu vimetenganishwa na bati moja tu? Mwezi wa nane alijifungua mtoto wa kike. Nikawaza, maskini, kiumbe huyu atalala saa ngapi na mimi nasugua mifupa kutoka asubuhi mpaka jioni? Na kelele za mota ile unazijua. Basi nikachukua blanketi kuukuu la mke wangu Wanja, nikaifunga mota vizuri kabisa, nikaacha nje gurudumu la kung'arishia peke yake. Kelele zikapungua. Nikajiona mtu mwema sana.

Hakuna aliyeniomba. Kumbe nilikuwa nainyonga! Kule nyuma ina feni na matundu ya kupitishia hewa, na mimi nimeyaziba. Yaliyobaki yakazibwa na unga wa mifupa. Halafu jioni stima ya Kibera unaijua, kila mtu akiwasha vitu vyake inalegea, na mota inazunguka kwa shida. Mimi nami, kuona inapunguza mwendo, nikawa naikandamizia shanga kwa nguvu zaidi.

Utauliza kama sikusikia harufu. Niliisikia. Lakini mfupa ukisuguliwa hunuka kuungua kila siku ya Mungu, kwa hivyo sikushtuka. Nilishtuka moshi ulipotoka kwenye blanketi. Nikang'oa plagi, na mota ikanyamaza kabisa.

Sasa sikia maajabu. Iliponyamaza tu, mtoto akaanza kulia. Akalia usiku huo, akalia na kesho yake. Aoko akanijia mlangoni macho mekundu. "Wee jirani, mbona umezima hiyo mashine? Huyu ameizoea tangu akiwa tumboni. Bila hiyo halali!" Nilicheka, Kamene, kisha nikakaa juu ya gunia la mifupa nikalia kama mjinga.

Nikaitia mota kwenye gunia, nikaibeba begani kwa miguu mpaka huku Kawangware kwa Victor, fundi anayesuka waya za mota. Alipoifungua, unga ukamwagika mezani kama wa posho mill. Akaniuliza nilikuwa naendesha mota ama napika githeri.

Aliisuka waya upya na kuibadilisha beringi. Imerudi wiki iliyopita na inafanya kazi, hilo sasa ni kweli. Ila Victor amenionya nisiibebeshe kazi kama zamani. Nimeiinua juu ya matofali, mbali na ukuta, na kila asubuhi na mchana naipangusa unga kwa brashi ya rangi. Nikifanya kama nusu saa naiwekea kiganja. Nikishindwa kuhesabu hadi kumi kabla mkono haujachomeka, nazima na nakunywa chai. Stima ikilegea jioni sishindani nayo, nafunga mlango narudi nyumbani. Kwa hivyo shanga tunazotoa sasa ni chache kuliko zile ulizozoea, sitakuficha tena. Kama zitatutosha wawili, sijui. Wanja amesema nikuambie hivyo hivyo, nisikupambie kitu.

Mota uliyoninunulia kwa mshahara wako wa kwanza niliiunguza mwenyewe, kwa ujinga wangu. Nakuomba unisamehe.

Lakini dada, siku ile uliuliza habari za mota. Mimi hukuniuliza nataka nini. Ungeniuliza, ningekuambia usisaini. Kila Ijumaa ya simu nasikia sauti yako imepungua, na mimi huku nimechoka kuambia kila mtu kwamba uko sawa. Hata ikiungua tena kesho, rudi. Tutakaa pale mlangoni na karatasi za msasa, tusugue mfupa mmoja mmoja kwa mikono yetu, na tutakachopata tutakula.

Mama anakusalimu sana, na Wanja pia, na Aoko ameniambia nisisahau jina lake. Mwenyezi Mungu akulinde katika nyumba hiyo ya watu, akufungulie njia, na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukungoja,
Mbithi